Ufunguo wa Duka Ukae kwa Nani?



Mwezi uliopita tulipokea barua tatu juu ya jambo moja, na wiki hii mwenzetu mmoja amefika mwenyewe ofisini. Aliketi, akatoa risiti mfukoni, akaziweka mezani moja moja mpaka meza ikajaa. Kwa hiyo safari hii hatutaandika habari za zamu za usiku wala za posho ya nyumba. Mambo hayo hatujayasahau, na mwajiri asidhani kuwa tumeyasahau. Lakini leo tunataka kusema habari za duka.

Mwenzetu huyo alistaafu kutoka karakana. Mkewe ni fundi wa kushona: hushona sare za shule na mikoba ya kitenge, na wengi wetu tumenunua kwake. Sehemu ya fedha za kustaafu waliitia katika kibanda mjini, ghorofa ya kwanza, ndani ya chumba kikubwa ambacho zamani kilikuwa duka moja. Mtu mmoja alikikodi chumba chote kwa mwenye jengo, akakigawanya kwa mbao nyembamba kuwa vibanda ishirini, akavikodisha. Hii ndiyo ile inayoitwa eksibisheni. Kabla ya kupewa ufunguo yule mama alilipa Sh. 150,000 za gudiwili, fedha ambayo watu wa Mombasa huiita kilemba. Baada ya hapo alilipa Sh. 9,000 kila mwezi.

Alilipa miezi kumi na minne, wala hakuchelewa siku moja. Jumanne moja asubuhi alipanda ngazi akakuta mlangoni kufuli asiyoijua, na madalali wamesimama. Yule mtu wa mbao hakuwa amemlipa mwenye jengo kwa miezi mitano. Cherehani mbili zilikuwa ndani, na mikoba, na vitambaa vya sare ambazo wazazi walikuwa wamekwisha kulipia. Mama akaonyesha risiti zake. Mwenye jengo akamjibu, "Mama, mimi sikujui. Ninayemjua ni yule." Na yule simu yake ilikuwa imezimwa.

Tulizitazama zile risiti. Zina jina moja tu la mtu, la ubatizo, bila jina la baba, bila muhuri, bila namba ya chumba. Hazisemi fedha ni za kodi au ni za nini.

Hebu tupige hesabu kidogo. Vibanda ishirini kwa Sh. 9,000 ni Sh. 180,000 kwa mwezi. Gudiwili ishirini ni shilingi milioni tatu. Fedha yote hiyo ilipita katika mkono wa mtu mmoja, ambaye hakushona hata kifungo.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuacha mambo ya maduka ya pamoja. Sisi hatusemi hivyo. Duka la pamoja ni jambo jema, tena kwa watu wa namna yetu pengine ni njia pekee. Fundi mmoja wa viatu hawezi kulipa kodi ya duka zima katika barabara ya Luthuli au Moi Avenue. Hawezi kuweka mlinzi, wala hawezi kushona na kuuza kwa saa zile zile. Akikaa peke yake nyumbani Makadara, wanaonunua ni majirani zake, nao wataka mkopo. Lakini wakiwa ishirini mahali pamoja, mteja aliyekuja kutafuta mkoba ataona na viatu, na aliyekuja kwa viatu ataona kikapu. Hilo mama wa sokoni alilijua kabla yetu sote, ndiyo maana huuza nyanya karibu na mwenye vitunguu.

Na haja yetu ni kubwa. Wale waliokuwa kazini mwaka 2006, reli ilipokabidhiwa kampuni ya kukodi, wanakumbuka jinsi maelfu walivyorudi nyumbani. Kampuni ile nayo iliondolewa mwaka 2017, na mwaka ule ule reli mpya ya Mombasa ikaanza kuchukua abiria. Mabadiliko yote hayo yalipita juu ya migongo ya watu. Katika nyumba nyingi, mshahara ulipokatika, kilicholisha watoto ni sindano ya mama au randa ya baba. Wala si waliostaafu tu. Wako madereva, wako makarani, na wako wanawake walioko kazini pamoja nasi, ambao siku ya mapumziko hutengeneza kitu cha kuuza. Chama kisichoyaona hayo kinaangalia mshahara kama karatasi, hakiangalii sufuria.

Wala hatuanzi jambo lisilojulikana. Nenda Kariakor hapa Nairobi, mahali palipopata jina kwa wale wapagazi wa Kikosi cha Wachukuzi katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Utaona viondo vya mkonge, mikanda, na viatu vya akala vilivyokatwa katika mipira ya magari, watengenezaji wakiwa bega kwa bega chini ya paa moja. Na ukishuka mpaka Changamwe, Mombasa, utaona chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, kilichoanzishwa mwaka 1963. Ufundi ule husemwa ulianzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyeupata Tanganyika wakati wa vita vile vile. Wachongaji wa Changamwe wana mahali pa kuchonga na duka la kuuzia, na yote mawili ni ya chama. Mchongaji anayo namba yake, nayo huandikwa juu ya kinyago. Kinyago kikinunuliwa, chama hukata sehemu yake, na kilichobaki ambacho ni kikubwa humwendea mwenye namba. Mgeni ameingia, amenunua twiga, ameondoka na meli. Mchongaji alikuwa nyuma akichonga, hata hakumwona. Lakini fedha yake imemfikia.

Sasa linganisha na yule mtu wa mbao. Tofauti yao ni nini? Wote wawili wana paa moja na watu wengi chini yake. Tofauti ni jina lililoandikwa katika mapatano ya kukodi, na mkono unaoshika ufunguo.

Wenzetu wa zamani wanakumbuka jinsi gari lilivyoendeshwa katika njia moja. Dereva hakuondoka stesheni mpaka stesheni masta amkabidhi kile chuma cha ruhusa, na cha sehemu ile kilichotoka kilikuwa kimoja tu. Aliyekuwa nacho alikuwa na njia. Asiyekuwa nacho, hata injini yake ingekuwa na nguvu namna gani, alingoja. Katika duka la pamoja chuma hicho ni mapatano ya kukodi. Yule mama alikuwa na cherehani, na bidhaa, na wateja. Chuma kilikuwa kwa mwingine.

Kwa hiyo yafaa tuijue sheria kidogo. Iko sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Mapatano yasiyoandikwa, au yaliyoandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, yamo katika ulinzi wake. Mwenye jengo hawezi kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji kwa maneno ya mdomo tu. Yampasa atoe notisi ya maandishi kwa namna ile sheria inavyotaka, ya muda usiopungua miezi miwili, na mpangaji asiyekubali anaweza kwenda mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku ile kufika. Huu si ulinzi mdogo. Lakini sikilizeni vizuri: mpangaji ni yule aliyepatana na mwenye jengo. Ukiwa umepatana na mtu wa mbao, ukifika kwa mwenye jengo utaulizwa wewe ni nani.

Tena jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sheria hiyo haishiki mahali ambapo Serikali au baraza la mji ni mmoja wa wapatanao. Basi mwenye kibanda katika soko la serikali asidhani kuwa Sura ya 301 itamtetea; huko kuna kanuni zake, na yafaa azisome kabla hajatoa senti.

Shauri letu ni hili. Wale miongoni mwetu na jamaa zetu wanaotengeneza vitu kwa mikono waungane wawe chama cha ushirika kilichoandikishwa. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1997 inataka watu wasiopungua kumi, nasi twaweza kuwapata kumi katika karakana peke yake kabla ya chai ya saa nne. Chama kilichoandikishwa ni kama mtu mbele ya sheria: kinaweza kukodi duka kwa jina lake, kinaweza kushtaki, na hakizimi simu. Mapatano na mwenye jengo yawe ya maandishi, kwa jina la chama, na kabla ya kutia sahihi mtu aende kwa msajili wa ardhi ahakikishe kwamba anayejiita mwenye jengo ndiye kweli. Kama kuna gudiwili ya kulipa, iandikwe kwa jina lake, na isemwe itarudishwa au haitarudishwa. Mtu akikuambia, "Tuaminiane tu, hakuna haja ya karatasi," shika kofia yako uondoke.

Hapo ndipo mlango. Lakini duka laweza kuwa na mlango mzuri na bado likafa kwa mambo ya ndani, na huko ndiko tuna hofu zaidi, kwa sababu sisi tunajuana na mtu huona haya kumdai anayejuana naye.

Kwanza ni daftari. Sisi watu wa reli hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mzigo ukiletwa ofisi ya vifurushi, unapimwa, unabandikwa lebo, unaandikwa: umetoka wapi, wenda wapi, ni wa nani, ni vipande vingapi. Hata mzigo wa ndugu yako wa tumbo moja unaandikwa. Duka letu lifanye vivyo hivyo. Kila fundi awe na namba, kila kitu kiwe na lebo yenye namba hiyo na bei, na kitu kikiingia au kikitoka kiandikwe na watu wawili watie sahihi. Kitu kisicho na lebo kisipite mlangoni, hata kikiwa cha mwenye kiti. Kilichovunjika kiandikwe kimevunjika. Kilichopotea zamu ya fulani kiandikwe zamu ya fulani. Haya yakionekana kuwa makali, kumbukeni ni vikundi vingapi vya kusaidiana mlivyoviona vikivunjika, na ulizeni kama vilivunjika kwa wizi au kwa sababu hakuna aliyejua kilichouzwa ni cha nani.

Pili ni fedha. Siku hizi mteja hatoi noti. Anauliza namba ya tili, anabonyeza simu, na fedha imekwenda. Imekwenda kwa nani? Imekwenda kwa yule ambaye tili imeandikishwa kwa jina lake. Tumesikia katika barua moja kati ya zile tatu kwamba kuna duka la mafundi ambalo kila kitu kilikuwa cha pamoja, rafu za pamoja, ufagio wa pamoja, ila tili ilikuwa ya dada mmoja tu, naye ndiye aliyewagawia wengine kila alipopata nafasi. Nafasi hiyo ikawa inapatikana kwa shida. Tili iwe ya chama, fedha iende benki ya chama, na haitoki bila sahihi tatu. Na mafundi walipwe kwa siku moja inayojulikana, kama mshahara. Tunapendekeza kila Ijumaa ya pili. Mtengenezaji aliyeacha mali yake dukani amekopesha duka. Hata maduka makubwa yameshindwa hapo. Nakumatt ilikuwa na matawi nchi nzima, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ifungwe. Miongoni mwao walikuwamo watu walioleta bidhaa, bidhaa zikauzwa, nao wasilipwe. Kama tembo yule aliweza kuanguka juu ya waliomlisha, duka letu la rafu ishirini lisijione.

Tatu ni kodi igawanywe vipi. Juu ya hili halmashauri ya tawi ilibishana jioni nzima, na hatukuona vibaya, maana ndipo penye mwiba. Wengine walisema kila fundi alipe sawa. Wengine walisema asilipe kitu mpaka auze. Tuchukue duka la kodi ya Sh. 60,000 kwa mwezi, na mafundi ishirini. Wakilipa sawa ni Sh. 3,000 kila mmoja, auze asiuze. Hapo anayekaa dukani hana haraka ya kumwita mteja, maana kodi imekwisha patikana. Na mama aliyeuza vikapu vya Sh. 4,000 tu atabaki na elfu moja, akachoka, akatoka. Lakini tukikata fungu la mauzo peke yake, mtu ataleta viti vyake vizito visivyonunuliwa vikae mwaka mzima, kwa kuwa kukaa ni bure, na duka litageuka ghala.

Maoni yetu ni kuchanganya. Kila fundi alipe Sh. 1,500 za rafu, na duka likate Sh. 15 katika kila Sh. 100 za mauzo. Mafundi ishirini wakiuza kwa wastani Sh. 10,000 kila mmoja, rafu zitaleta Sh. 30,000 na mauzo yataleta Sh. 30,000, na kodi imetimia. Yule mama wa vikapu atalipa Sh. 2,100. Seremala aliyeuza Sh. 20,000 atalipa Sh. 4,500, naye atanung'unika, lakini kama angetafuta duka lake mwenyewe angelia. Hapo hatujatia taa wala mlinzi wala mtu wa kukaa mezani. Kwa hiyo bei za lebo lazima zizijue gharama hizo tangu mwanzo, wala fundi asitaje bei ya kumpendeza shemeji.

Juu ya zamu za kukaa dukani hatuna maneno mengi. Kila mtu akae siku yake, na anayeshindwa alipe wa kumshikia. Zamu tunazijua.

Liko jambo moja zaidi ambalo hufika polepole. Maduka mengi ya mafundi huanza na vitu vya mafundi, na baada ya miaka miwili ukiingia utakuta mikoba ya kutoka Guangzhou na viatu vya kutoka Dubai, na fundi amebaki amepewa pembe moja karibu na choo. Sababu yake si uovu. Kitu kilichonunuliwa kwa jumla huuzwa upesi, na kodi haingoji. Hata katika Soko la Wamasai, ambalo huhama hapa Nairobi kutoka mahali hadi mahali kwa siku zake, mara nyingi anayekuuzia shanga siye aliyezitunga. Ni mtu wa kati, naye bei ameiongeza. Hatuwachukii wauzaji wa vitu vya nje, wake wa wanachama wetu wengine wanaishi kwa mitumba ya Gikomba na tunawatakia heri. Lakini duka hili liandikwe katika kanuni zake kwamba rafu ni ya aliyetengeneza kwa mikono yake au mikono ya nyumbani kwake. Atakayetaka kuuza vya wengine atafute kwingine. Kanuni hii isipoandikwa siku ya kwanza, haitaandikwa tena.

Tumeulizwa duka liwe wapi. Ndugu mmoja alitaka Westlands, kwa sababu huko kuna watalii na viyoyozi. Twamheshimu, lakini hatukubaliani naye. Wateja wetu ni wale wanaoshuka katika treni za asubuhi kutoka Syokimau na Ruiru na Kikuyu, na wanaorudi jioni kwa miguu kupitia Landhies na Muthurwa. Hao huhitaji sare za shule, viatu vya kazi, viti vya kukaa, na mkoba utakaovumilia msukosuko wa matatu. Tunawajua, maana ndio tunaowabeba.

Wako wanachama waliotuambia kwamba chama cha wafanya kazi kazi yake ni mishahara, na kwamba tukianza biashara tutasahau mapatano na mwajiri. Neno lao lina uzito, na kwa sababu hiyo tunasema wazi: fedha za ada zenu hazitaguswa, hata shilingi moja. Ushirika utakuwa kitu chake, na vitabu vyake, na mweka hazina wake, ambaye hatakuwa mweka hazina wa tawi hili. Tunachotoa sisi ni chumba cha mikutano, karatasi hizi, na wenzetu wawili wanaojua kusoma mapatano. Chama kikishindwa kumsaidia mwanachama kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi, sijui kwa nini kinaitwa chama.

Na yule mama? Kesi yake hatujaiacha. Tumemwandikia mwenye jengo barua ya kuomba cherehani zake zitolewe, kwa kuwa zilikuwa mali yake wala si ya yule aliyekuwa akidaiwa kodi, na risiti za kununulia cherehani, kwa bahati njema, zina jina lake kamili na muhuri wa duka. Tumempeleka pia kwa wakili. Atakayekuwa na habari za wapangaji wengine kumi na tisa wa chumba kile awalete, maana barua ya watu ishirini husomwa upesi kuliko barua ya mtu mmoja.

Mkutano wa kwanza wa watakaojiunga utakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, katika ukumbi wa tawi. Wake na waume na waliostaafu wote wanakaribishwa. Kila mmoja alete kitu kimoja alichokitengeneza, na bei imeandikwa juu yake kwa wino. Na kama una mapatano yoyote ya kibanda nyumbani, hata kama ni kipande cha daftari, yalete pia.